Kupatia deteka pawa safi, kuanzia betri mpaka kwa chipu: mwongozo kamili kwa walio Mombasa

Wiki mbili nzima tulikuwa tunahangaika na deteka yetu ya muoni (chembe zinazoshuka kutoka angani) hapa Tudor, mimi na vijana wa klabu ya sayansi, na kila mtu alikuwa ashaamua shida iko kwa sensa. Deteka iko juu ya paa ndani ya kasha, betri iko chini chumbani sababu ya mvua, na katikati kuna waya mwembamba wa mita kumi hivi. Huku chini konvata, kile kifaa cha kushusha volti za betri, inasoma volti 5.02, safi kabisa. Kule juu Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, inajizima inajiwasha, hesabu inarudi sifuri, tunaanza upya. Mwisho binti mmoja wa fomu tuu akapanda ngazi na multimita, akaweka ncha zake kwenye pini za bodi yenyewe, akaita kutoka juu, "Mwalimu, huku ni nne nukta tatu!"

Yaani volti 0.7 hivi imepotelea njiani, na sisi siku zote hizo tunapima upande wa betri. Raspberry Pi ikishuka chini ya 4.63 inaanza kulalamika, sa kwa 4.3 itakaaje.

Nimeandika haya yote ili mwenzangu asipoteze wiki mbili kama sisi. Volteji ya kuamini ni ile inayofika kwa chipu. Na hii sio shida ya watu wa paa na betri pekee, hata CERN, ile maabara kubwa ya fizikia ya chembe kule mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wanapigana nayo mpaka leo, tena kwa mikondo mikubwa ya kutisha, na vile wao wameitatua kuna mengi sisi tunaweza kuiga kwa vifaa vya bei ya chini.

Kwa wasiojua muoni ni nini: ni chembe zinazozaliwa huko juu angani miale ya kutoka nje ya dunia inapogonga hewa, alafu zinashuka mpaka kwetu. Usawa wa bahari, na Mombasa ndo usawa wa bahari wenyewe, inapita kama muoni moja kwa kila sentimita mraba kwa dakika. Kipande cha sintileta (ile plastiki inayotoa mwanga kidogo chembe ikipita) cha sentimita 5 kwa 5 basi utarajie kama 25 kwa dakika, kwetu hapa karibu na ikweta ni kidogo chini ya hapo kwa sababu usumaku wa dunia unazuia miale mingi zaidi. Hiyo namba ishike, ndo itakuambia kama pawa yako ni safi au chafu.

Hatua ya kwanza: andika nani anakula nini

Chukua daftari, usikadirie kichwani. Deteka yetu ina walaji watatu. Raspberry Pi inataka volti 5 na inakula karibu ampia moja ikituma data. Amplifaya, inayokuza mawimbi madogo ya sensa, inataka volti 5 pia lakini inakula kidogo sana, kama miliampia 50, tena hii ndo yenye masikio mepesi, ukelele wowote kwenye pawa inausikia. Alafu kuna sensa yenyewe, ile silikoni ndogo inayohesabu mwanga, inataka volti 27 na kitu lakini mkondo wake ni maikroampia tu.

Hawa watatu usiwalishe sahani moja. Mlaji mkubwa mwenye fujo apewe njia yake, mwenye masikio apewe yake, na sensa apewe yake. Nimeona watu wanachukua volti 5 moja wanagawa kwa wote kwa waya mmoja wa kuungaunga, na baadaye wanashangaa deteka inahesabu kila wifi ikiongea.

Hatua ya pili: betri, sio soketi ya ukutani

Stima ya hapa tunaijua, inaenda inarudi, na ikirudi inarudi kwa kishindo. Deteka inayohesabu kwa wiki nzima haitaki pengo la masaa matatu katikati ya data. Kwa hivyo betri ya volti 12 iwe ndo chanzo, na chaja au sola iwe kazi yake kujaza betri tu.

Hesabu yake ni nyepesi. Deteka ikila wati 5, siku nzima ni wati-saa 120. Betri ya risasi ya volti 12, ampia-saa 18, ndani yake kuna 216, lakini betri ya risasi ukiinyonya zaidi ya nusu unaiua mapema, sa hesabu 108, ni kama masaa 21. Ile ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 unaweza kutumia kama asilimia 80 bila kuiumiza, kwa hivyo hata ya ampia-saa 12 inakufikisha siku nzima. Betri ya gari kuukuu watu wanapenda kwa sababu iko tayari, sikatai, ila imetengenezwa kwa kupiga stata, kukamuliwa polepole kila siku kunaichosha haraka.

Na tafadhali, fyuzi. Iwe kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, kabla ya kitu kingine chochote. Ampia 3 inatosha. Betri ndogo hivyo ikipata shoti inaweza kuyeyusha waya na kuwasha moto kabla hujashuka ngazi, na hapa tunaongea juu ya paa za watu na nyumba zenye watoto.

Hatua ya tatu: waya, na wapi ubadilishe volteji

Hapa ndo moyo wa mambo kwa hivyo tukae kidogo.

Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5 una ukinzani wa kama ohmu 0.035 kwa kila mita. Mita kumi kwenda na mita kumi kurudi (ya kurudi watu wanaisahau sana) ni mita 20, ohmu 0.7. Pitisha ampia 1, unapoteza volti 0.7. Ndo zile 4.3 za yule binti, hakukuwa na jini wala sensa mbovu. Ukinunua waya wa 2.5 kama wa soketi za nyumba, ukinzani unashuka mpaka 0.14 na unapoteza volti 0.14 tu, lakini waya huo ni mzito na bei yake unaijua.

Njia nyingine ndo bora. Peleka volti 12 mpaka juu, alafu zishushe kuwa 5 pale pale kando ya bodi. Wati 5 zile zile kwa volti 12, ukiongeza na hasara ndogo ya konvata, ni kama nusu ampia tu. Waya ule ule mwembamba sasa unapoteza volti 0.35, na hata ikifika 11.6 konvata haijali, itatoa 5 yake vile vile. Joto linalopotea kwenye waya linaenda na mkondo mara mkondo, sa ukipunguza mkondo nusu, hasara inashuka mpaka robo. Sisi tulihamisha tu konvata kutoka chini kwenda juu, moduli ndogo ya LM2596 ya bei ya chai na mahamri, na bodi haijajizima tena.

Ile moduli ina skrubu ndogo ya kurekebisha volteji. Irekebishe KABLA hujaunganisha bodi, maana ikitoka dukani inaweza kuwa imewekwa popote, hata volti 12 ikapita moja kwa moja ukaua Pi. Iunganishe na betri peke yake, multimita upande wa kutoka, zungusha mpaka 5.1, alafu ndo uunganishe.

Sasa wale wakubwa wa CERN. Chipu za kisasa za deteka zinakula volteji ndogo sana, volti 1.2 hivi. Tuseme una deteka inayotaka wati 30,000 kwa volti 2, hiyo ni ampia 15,000, na pawasaplai haziwezi kukaa ndani na deteka, ziko mbali, kebo za makumi ya mita. Ukitaka kupeleka mkondo huo wote kwa shaba, shaba yenyewe inajaza nafasi, inatoa joto, na chembe ulizotaka kupima zinagonga kebo kabla hazijafika kwa sensa. Kila gramu ya kebo ndani ya deteka inaharibu kipimo. Kwa hivyo wana njia mbili.

Ya kwanza ni hiyo hiyo yetu, kupeleka volteji ya juu na kuishusha karibu. Lakini konvata za dukani haziwezi kufanya kazi kule. Ndani ya CMS, moja ya deteka zao kubwa, kuna usumaku wa tesla 3.8, na koili ya konvata ya kawaida ina kiini cha feraiti (kauri yenye chuma), feraiti ikiingia kwenye usumaku huo inashiba na koili inakuwa kama kipande cha waya tu. Sa CERN walitengeneza chipu zao, FEAST ni moja, zinazostahimili mionzi, na koili zake ni za hewa tupu, shaba imezungushwa bila kiini. Koili ya hewa ni dhaifu kwa hivyo inabidi konvata ikate na kuwasha haraka sana, zaidi ya mara milioni moja kwa sekunde, na yenyewe inapiga kelele ya redio, kwa hivyo wanaifunika na kifuniko chembamba cha metali.

Ya pili mimi naipenda zaidi. Mshaziona zile taa ndogo za harusi zinazotundikwa mtaani, zile za zamani za kuungwa moja baada ya nyingine? Mkondo ni mmoja, unapita taa ya kwanza, ya pili, mpaka mwisho, na volteji inagawanyika. CMS na mwenzake ATLAS, kwa deteka zao mpya za pikseli za kuendea LHC (mashine ya CERN ya kugonganisha chembe) inayoongezewa nguvu, wanaunga moduli namna hiyo hiyo. Badala ya kupelekea kila moduli mkondo wake na kebo yake, mkondo mmoja unapita zote, kebo zinapungua sana. Mwenye taa za harusi atauliza, na moja ikiungua? Zote giza. Ndo maana ndani ya kila chipu wameweka regyuleta (kifaa cha kushikilia volteji isiyumbe) maalum yenye njia ya pembeni: chipu inachukua inachohitaji na mkondo uliobaki unapitishwa pembeni ili wa mbele wapate yao, tena chipu kadhaa zinawekwa sambamba kwenye moduli moja ili moja ikilala wenzake wabebe mzigo. Hasara ipo, ule mkondo wa pembeni unageuka joto, lakini wamepiga hesabu wakaona shaba inayookolewa ina thamani kubwa zaidi.

Nyumbani usijaribu hii ya pili, haina haja kwa deteka moja.

Hatua ya nne: kusafisha

Konvata inakata na kuwasha, na kila ikikata inaacha vijiwimbi kwenye pawa. Pi haijali. Amplifaya inajali sana. Kwa hivyo amplifaya usiipe pawa ya LM2596, ipe regyuleta ya kawaida ya 7805 kutoka kwa zile volti 12 moja kwa moja. Inapoteza volti 7 kama joto lakini kwa miliampia 50 ni wati 0.35 tu, haihitaji hata bati la kupoza. Ungetaka kuendesha Pi kwa 7805 ingekuwa wati 7 za joto, hiyo ni jiko sasa.

Weka kapasita ndogo ya seramiki ya nanofaradi 100 karibu kabisa na pini za amplifaya, namaanisha milimita chache, na moja kubwa ya maikrofaradi 100 pale pawa inapoingia kwenye bodi. Ile ndogo inashughulikia fujo za haraka, kubwa inashughulikia za polepole. Watu wanaiweka ile ndogo mwisho wa waya mrefu alafu wanasema haisaidii, na kweli haisaidii, maana waya wenyewe ni kizuizi kwa fujo za haraka.

Vile utajua umefaulu: funika sensa giza kabisa, hesabu. Sisi mara ya kwanza tulipata mia sita na kitu kwa dakika badala ya ishirini na kitu. Tukazima kitu kimoja kimoja. Ilikuwa chaja ya simu ya bei rahisi iliyochomekwa kwenye ekstenshen ile ile ya chaja ya betri. Kuichomoa tu, hesabu ikashuka mpaka 31. Tukachomoa na chaja ya betri, 23. Sasa tunachaji mchana kwa sola na vipimo muhimu tunafanya usiku betri ikiwa peke yake.

Hatua ya tano: athi, mahali pamoja tu

Waya hasi za wote watatu, amplifaya, Pi na sensa, zikutane nukta moja, na kasha la bati liungwe nukta hiyo hiyo, na kama una athi ya ardhini ije hapo. Mahali pamoja. Ukiunga kasha na athi huku, alafu kebo ya mtandao ikaleta athi nyingine kule, umetengeneza kitanzi, na kitanzi hicho kinanasa mawimbi ya hezi 50 ya stima ya jirani kama antena. Kwenye majaribio makubwa wanafuata hivi hivi, pawasaplai zinaachwa zikielea bila kugusa athi upande wao, na athi inafungwa upande wa deteka, nukta moja kwa kila sehemu. Ukiona hesabu inapanda kila jirani akiwasha pampu ya maji, tafuta kitanzi kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine.

Hatua ya sita: volteji ya sensa

Sensa tunayotumia inaanza kufanya kazi kwenye volti 24.5 hivi na nguvu yake inategemea umeizidisha kiasi gani. Tunaiweka 27.5, yaani imezidi volti 3. Moduli ya MT3608 inapandisha kutoka 5 mpaka 28, hapo ndo mwisho wake, sa inatosha shingo upande. Ichukue zile 5 kutoka kwa 7805. Kati yake na sensa weka rezista ya kiloohmu 10 na kapasita ya nanofaradi 100, ya volti 50, kwenda hasi. Kwa kuwa mkondo ni maikroampia, rezista haipotezi kitu cha maana, lakini vijiwimbi vya konvata vinakufa pale.

Hapa Mombasa kuna jambo la kuongeza. Kile kiwango cha kuanzia kinapanda kwa milivolti 21.5 kila nyuzi moja ya joto. Kasha juu ya paa mwezi wa tatu, asubuhi 27 mchana linaweza kufika 45 ndani. Nyuzi 18 ni karibu volti 0.4, na kwa kuwa ulizidisha 3 tu, umepoteza kama asilimia 13 ya nguvu ya wimbi bila kugusa kitu, na wakati huo huo kelele za giza (hesabu za uongo bila mwanga wowote) zinaongezeka, kama mara mbili kila nyuzi kumi. Mtu asiyejua ataandika kwamba muoni zinapungua mchana, na atakuwa ameandika uongo bila kukusudia. Paka kasha rangi nyeupe, liwekee kivuli cha makuti juu na nafasi ya hewa kupita katikati, weka kipima joto ndani, na andika joto kando ya kila hesabu.

Kama wewe una zile bomba za kioo za zamani za kukuza mwanga, hizo zinataka volti elfu moja au zaidi. Tafadhali usianze nazo bila mtu mzoefu kando yako. Kapasita zake zinashika chaji hata baada ya kuzima, na bomba likipata mwanga wa chumba wakati volteji iko juu linaharibika papo hapo.

Hatua ya saba: kuwasha na kuzima kwa mpangilio

Kuwasha: kwanza volti 5, angalia Pi na amplifaya ziko sawa, alafu ndo volteji ya sensa, polepole. Kuzima ni kinyume, sensa kwanza. Deteka za silikoni kule CERN, zinazopewa volti mia kadhaa, zinafuata mpangilio huu huu, tena kuna mitambo inayokata pawa yenyewe bila kumuuliza mtu kama kipozeo kikisimama.

Na namna ya kuzima si jambo dogo. Mwaka 2017 CMS walikuwa wameweka deteka mpya ya pikseli yenye zile konvata za FEAST, miezi ya mwisho ya mwaka huo konvata zikaanza kufa moja moja. Uchunguzi ulionyesha kwamba chipu iliyokwisha pigwa na mionzi, ikizimwa kwa waya wa amri huku volteji ya kuingia ikiwa bado ipo, mkondo mdogo ulikuwa unavuja ndani na kupandisha volteji mahali pasipotakiwa mpaka chipu inaharibika. Kuwashwa haikuwa shida, kuzimwa ndo kulikuwa kunaua. Konvata zote zikabadilishwa kabla ya kuendelea 2018. Paa letu halina mionzi hiyo, lakini tangu nijue habari hii swichi yangu naiweka upande wa betri, nikishazima sensa namalizia kuzima kutoka mzizini.

Hatua ya nane: chumvi

Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na chumvi ikikaa kwenye bodi inapitisha mkondo mdogo kati ya njia moja na nyingine. Kwenye volti 5 hutauona. Kwenye volti 27 na sensa inayokula maikroampia, uvujaji wa maikroampia mbili tayari ni habari. Ukimaliza kulehemu, safisha bodi kwa spiriti ile safi na mswaki laini, iache ikauke kabisa kwenye jua, alafu paka vanishi ya bodi, na kama huna, rangi ya kucha isiyo na rangi inafanya kazi mradi usipake juu ya sensa wala kwenye soketi. Ndani ya kasha tia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, vibadilishe kila mwezi.

Sisi kila Jumamosi asubuhi mtu mmoja anapanda na multimita, anapima nukta nne: betri, volti 12 inapoingia kwenye kasha, volti 5 kwenye pini za Pi, na volteji ya sensa kabla ya ile rezista, maana baada ya rezista multimita yenyewe inaivuta chini kidogo. Anaandika na joto, anapangusa vichwa vya betri na kuvipaka grisi. Juzi volti 12 ilikuwa inafika 10.9 badala ya 11.6, tukafuata waya mpaka kwenye kiungo karibu na tangi la maji, kimeota kijani chote. Tukakata, tukaunga upya kwa risasi na kufunika na mpira wa kubana kwa joto, ikarudi 11.6.